Gitaa la Vichwa

Jumapili, Newala. Julai inaishia.

Ukungu umelala juu ya mji tangu alfajiri na hauna dalili ya kuondoka. Ni ile baridi ya kipupwe inayotufanya watu wa huku juu tutembee na masweta mchana kama tunaumwa. Nimefunga mlango wa steshenari yangu, nimewasha kompyuta ambayo siku nyingine huchapa barua za kuomba kazi za vijana wa watu, na leo nachapa shajara yangu. Mteja akigonga, agonge. Nina hasira.

Nina hasira tangu jana, na ni hasira ya gitaa.

Najua wapo watakaosoma hapa wacheke. Mtu mzima, ana mke na watoto, ananuna kwa sababu ya gitaa. Haya, cheka. Lakini ngoja kwanza nikueleze ni gitaa gani, maana si lile unaloliona kwenye video, lenye kiuno na linalong'aa, linalofanana na wenzake wote.

Marehemu Baba alikuwa mchonga vinyago. Alifundishwa na mjomba wake: mpingo, mashetani yenye jicho moja, na ile minara ya watu waliopandiana mabegani. Ukubwani akahamia kwenye magitaa. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda harusi moja Lukuledi, akaona mtu anapiga gitaa, akaomba alishike. Akaligeuza, akachungulia ndani kwa jicho moja, akauliza, "Kumbe ni tupu?" Aliporudi nyumbani hakuchonga tena kinyago cha kuuza. Newala ikamwita Fundi Magitaa, na wengine wakamwita kichaa, naye akaitikia majina yote mawili.

Baba hakuwahi kutengeneza gitaa lenye umbo la gitaa.

Alitengeneza moja lenye umbo la korosho, limejikunja vilevile, na mahali pa kufungia nyuzi akachonga bibo jekundu, lile tunda linaloning'iniza korosho. Lilikaa pajani vizuri kuliko ya dukani. Jingine alilitengeneza kwa tanki la mafuta la bodaboda iliyogongwa. Kifuniko cha tanki alikiacha. Ukikifungua, sauti inatoka nene, na ukikifunga inakuwa kama mtu anayeongea ndani ya debe. Kisha likaja la mapacha wa Makote: sanduku moja, shingo mbili, moja inaelekea huku na nyingine kule, ili ndugu wakae wakitazamana na wapige kwa pamoja. Mapacha wakagombana kwa ajili ya mwanamke. Hakuna aliyekubali mwenzake alichukue, na hakuna aliyeweza kulipiga peke yake bila shingo ya pili kumchoma mbavu. Wakamrudishia Baba. Akalitundika ukutani akasema watapatana tu. Mpaka leo hawajapatana.

Lilikuwepo pia la Bibi, mama yake Baba. Alichonga uso wake kama alivyomkumbuka, na chale zake mashavuni na ndonya ya mti iliyochomekwa kwenye mdomo wa juu. Mdomo ndio ulikuwa tundu la sauti. Ulipokuwa ukilipiga ulimsikia Bibi anaimba, na watoto wadogo walikuwa wanasogea kumtazama ulimi.

Mengine yalikuwa mabaya, nisimpambe kwa sababu amekufa. Alijaribu kuchonga mnara wa watu kwenye shingo ya gitaa. Likawa zito kama kinu, na mkono ukipanda juu unakwama kwenye visogo vya watu. Hilo alilifanya la kuzuia mlango wa karakana usibamizwe na upepo.

Langu ndilo lililokuwa la ajabu kuliko yote.

Mimi nilikuwa mpigaji. Nasema bila aibu kwamba nilikuwa mpigaji mzuri, harusi za Newala na Masasi zilinijua. Kisha siku moja nikiwa napalilia chini ya mikorosho ya mjomba wangu kule Chiungutwa, nikaingiza mkono wa kushoto kwenye majani makavu ambamo nyoka, kifutu, alikuwa amelala. Hospitali waliokoa maisha yangu, nawashukuru. Vidole hawakuviokoa. Kilikwenda cha mwisho, kikaenda cha pete, na cha kati wakakiacha nusu. Nikabaki na cha shahada na gumba, mkono wa kushikia kikombe.

Baba hakunipa pole. Bandeji ilipotoka alikuja na uzi, akapima kilichobaki kama fundi cherehani, akaondoka. Aliponiita karakana baadaye, aliniwekea mapajani kitu ambacho sikujua nikicheke au nikilie.

Shingo ilikuwa fupi na pana. Pale ambapo mpigaji hubana nyuzi kwa vidole, Baba alipanga vibonyezo vya mbao, na chini ya kila kibonyezo springi ya kalamu ya wino. Ukibonyeza kimoja kwa gumba, kinashusha kijiti kinachobana nyuzi zote zinazotakiwa kwa mara moja. Kazi ya vidole vyote inafanywa na gumba peke yake. Na kila kibonyezo alikichonga kichwa cha mtu wa familia yetu. Mjomba na kofia yake ndiye sauti nzito ya chini. Mama yuko katikati na unambonyeza mara nyingi kuliko wengine, kama ilivyo nyumbani. Ukitaka sauti ya huzuni, unambonyeza Shangazi mwenye kilemba. Nyuma ya shingo alichimba kishimo cha kupokea kile kidole changu nusu, kisipate baridi, alisema.

Nikajifunza upya. Ilichukua muda, lakini nilirudi kwenye harusi, na watu wakaanza kuniita kwa ajili ya lile gitaa. Mtu mwenye vidole vyake vyote hawezi kulipiga. Vidole vinamzidi, vinagongana na vichwa. Wengi wamejaribu wakanirudishia wakicheka. Katika dunia hii lina mpigaji mmoja, naye ndiye anayeandika hapa.

Sasa lipo Masasi, kwenye ukuta wa mgahawa wa chipsi.

Nieleze lilivyofika huko. Kwetu, kwa wale ambao bado wanashika ya zamani, mtoto anahesabiwa upande wa mama. Mwanamume akifa, vitu vyake vinakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, si kwa watoto aliowazaa. Nyumba nyingi zimeshaacha. Wengine wanagawa kwa dini, wengine kwa wosia wa maandishi. Wazee wa ukoo wa Baba hawajaacha. Baada ya arobaini walikaa, wakamtaja mpwa: Rashidi, mtoto wa Shangazi, mwenye mgahawa Masasi. Akapewa karakana nzima na kila kilichokuwa ndani, kuanzia tezo na patasi hadi magitaa.

Gitaa langu lilikuwa ndani. Springi ya Mama ilikuwa imelegea, nikampelekea Baba airekebishe, kisha akaugua na hakuamka.

Nikasimama mbele ya wazee nikasema lile ni langu. Mmoja akaniuliza Baba alinikabidhi mbele ya nani, shahidi ni nani. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, wote wakauona. Yule mzee akautazama kwa utulivu kabisa, akasema, "Huo ni mkono. Tumeuliza shahidi."

Nikakaa. Rashidi akaja na Canter, akapakia.

Tangu hapo sijapiga. Nilijaribu gitaa la kawaida nikaliweka chini. Nilijiambia nimeshazoea, ni kitu tu, mti na waya. Wiki hii mteja mmoja alikuwa ananionyesha picha kwenye simu yake, alikwenda kula Masasi, amejipiga na sahani ya chipsi mayai. Nyuma ya bega lake nikaliona gitaa langu. Nikaikuza picha. Mama hakuwa na kichwa.

Ndiyo maana jana nikashuka Masasi.

Rashidi alinipokea kwa furaha, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alinikumbatia mbele ya wateja, akawatangazia kwamba huyu ndiye mtoto wa mwenye magitaa. Shangazi alikuwa amekaa karibu na jiko, anamenya viazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika kiganja cha kushoto kama anavyofanya siku zote. "Nkono wako unaendeleaje, mwanangu?"

Nikasema unaendelea. Mkono wenyewe hauendi popote.

Kisha nikatazama ukutani. Gitaa la korosho liko nje juu ya mlango, limeandikwa jina la mgahawa kwa rangi nyeupe. Lile la tanki liko kaunta, limejaa vijiti vya meno, unafungua kifuniko unachukua chako. La mapacha limegeuzwa rafu ya soda. Na Bibi, mama yake Shangazi mwenyewe, wamemtoboa kisogo wakamwingizia taa ya rangi kinywani. Anawaka kijani, anawaka nyekundu, anawaka kijani. Shangazi akaniona ninavyomtazama, akafurahi. "Ntu akija hapa lazima apige naye picha," akasema. "Hata kutoka Mtwara wanakuja." Anamwona mama yake anawaka kinywani, na anaona ni heshima.

Langu lilikuwa nyuma ya kaunta. Limepakwa vanishi nene, na kwenye vichwa wametundika funguo: ya stoo kwa Mjomba, ya choo kwa Shangazi. Mama amevunjika shingo, kimebaki kibonyezo. Watoto wa wateja, Rashidi alisema, wanapenda kubonyeza.

Nikaomba nilishike. Akalishusha mara moja, akavua funguo, akafuta kiti changu kwa kitambaa. Kile kishimo cha nyuma kilikuwa kimezibwa na vanishi lakini kidole changu kilikijua, kikaingia. Nyuzi hazikuwa zote. Nikambonyeza Shangazi. Akakwama, mafuta ya kukaangia yameingia kwenye springi. Nikakaza gumba, akashuka, na sauti ikatoka, imepinda na imechoka, lakini ilikuwa yenyewe.

Shangazi akaacha viazi. "Nnungu wangu! Ndiyo sauti yangu hiyo?" Akacheka sana.

Mteja wa meza ya pembeni akamwomba Rashidi aongeze sauti ya televisheni, mpira unaanza. Rashidi akaongeza.

Nikamwambia Rashidi anipe hilo moja tu. Mengine, nikasema, hata akitaka ayachome akaangie chipsi. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyopanga. Nilimwambia halimfai, halipigiki na mtu mwingine, kwake ni msumari wa kutundikia ufunguo wa choo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivuta kiti, akakaa karibu nami, akafuta mikono kwenye aproni yake.

"Binamu, mikorosho ya Chiungutwa siku hizi anaokota nani?"

Nikasema naokota mimi.

"Mjomba wako hakuacha watoto?"

Nikageuza macho kwenye televisheni.

"Aliacha. Zuhura si mtoto wake? Anaishi palepale, nyumba inatazama shamba." Akaongea taratibu, bila kejeli, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Wewe mrudishie Zuhura mikorosho ya baba yake. Siku hiyohiyo nakuletea gitaa hadi mlangoni kwako Newala, na kichwa cha mama nimeshakigundisha."

Kisha akaniletea supu ambayo sikuagiza. Na mimi nikainywa. Hilo nalo linaniuma.

Shajara, tangu asubuhi najitetea mbele ya kompyuta, sina mtu mwingine wa kumwambia. Nasema si kitu kimoja. Mikorosho anaweza kuiokota yeyote, gitaa lile nalipiga mimi peke yangu. Nasema vidole vyangu vimebaki chini ya mikorosho ile, nani mwingine aliyetoa kitu cha mwili wake pale? Nasema Mjomba mwenyewe alishaniambia, akiwa hai, kwamba shamba litakuwa langu.

Mbele ya nani? Sikumbuki kama palikuwa na mtu.

Wazee wa Chiungutwa walipokaa baada ya Mjomba kufa, hawakuniuliza shahidi. Nilikuwa mpwa, basi ikatosha. Zuhura alikuwa amekaa na wanawake, nyuma, na alisimama akasema neno moja au mawili kuhusu baba yake na miche aliyomsaidia kupanda akiwa msichana. Walimsikiliza kwa adabu. Mimi nilikuwa natazama chini, na moyoni nilikuwa naona anachelewesha watu chakula. Nilipopewa mimi niliita mila. Alipopewa Rashidi nikaita dhuluma.

Na mabibo namwachia Zuhura. Kila msimu anaokota mabibo yote, mimi nachukua korosho tu. Siku zote nimejiona mkarimu kwa jambo hilo, nimewahi hata kulisimulia kwa watu.

Kwa hiyo jana, wakati wa kurudi, nikashuka Chiungutwa. Niliamua nikiwa bado Masasi. Nilikuwa nimeshapanga maneno: Zuhura, shamba ni lenu, njoo na wadogo zako tukakae na mwenyekiti wa kijiji tuandikiane. Niliyarudia njia nzima. Nilijiona nimeshalibeba gitaa begani, nimeshabadilisha nyuzi, nimeshamwekea Mama kichwa kingine nilichokichonga mwenyewe. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu Baba afariki.

Nilimkuta anafagia majani chini ya mikorosho, na kanga imefungwa kiunoni. Hakuna aliyemtuma kufagia. Aliponiona aliuweka ufagio chini haraka, akajifuta mikono.

"Shikamoo, kaka. Umekuja kukagua?"

Nikaitika marahaba. Nikataka kusema hapana. Lakini macho yalikuwa yameshapanda juu, kwenye miti. Mwaka huu imetoa maua mengi kuliko nilivyowahi kuona. Kila tawi, mpaka yale ya chini ambayo huwa yanasinzia. Nyuki walikuwa wanaunguruma hadi unawasikia ukiwa barabarani. Nikaanza kufikiria bila kujiambia nifikirie. Ada ya mkubwa wangu sekondari. Paa la steshenari, ambalo mvua iliyopita lilinilowesha mashine. Mke wangu anayesema kila mwaka kwamba mwaka huu tutainuka.

Nilisimama pale na maneno yangu mdomoni. Zuhura alisubiri. Ana namna ya kusubiri ya mtu aliyezoea.

"Yameanza vizuri," nikasema.

"Mno, kaka. Baba angekuwepo angefurahi."

Nikamwambia maua kama haya yakiachwa ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, utayamaliza, kwa hiyo wiki hii nakuja na mtu wa bomba tupulize dawa. Nilisikia sauti yangu inavyosema. Ilikuwa sauti ya mwenye shamba.

"Sawa, kaka," akasema. "Maji ya kuchanganyia msijisumbue. Tutachota sisi."

Kisha akaniingizia mihogo kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani.

Mihogo tumekula jana usiku na watoto. Mitamu. Asubuhi Rashidi amenitumia ujumbe mfupi, anauliza tu: nimeshaongea na Zuhura? Sijamjibu, na nimegundua kwamba sina mpango wa kumjibu. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikimtukana yeye, nikawatukana wazee, nikamtukana hata kifutu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenizuia kusema maneno matatu pale Chiungutwa jana.

Najionea aibu. Lakini aibu yenyewe haijatosha kunirudisha kule.

Gitaa libaki Masasi. Kesho asubuhi naanza kumtafuta mtu wa bomba, kabla wenzangu hawajamwahi.